L ya Kulia

...na mimi nilikuwepo, sikuhadithiwa, nilimwona kwa macho yangu haya haya, yule fundi Profesa, chini ya lori kuukuu la dada yake, na si nje tu, nilimwona mpaka ndani ya kichwa, kwa sababu siku ile jua lilikuwa la kuyeyusha mswaki mdomoni, na kwenye jua la namna ile fuvu la mtu linakuwa kama glasi, ukitulia unaona mawazo yanavyopishana humo kama sisimizi, naye amelala chali juu ya boksi la friji lililopasuliwa, lori limepanda juu ya stendi, magurudumu ya mbele yamevuliwa yote mawili, spana iko kwenye nati, nati ya mwisho kabisa, ng'ombe mzima kaliwa umebaki mkia, akaze tu, avishe magurudumu, dada aondoke, na mkono ulikuwa umeshajipanga kukaza pale dada mtu, aliyekaa juu ya tairi moja huko nje na kikombe cha chai, alipotamka neno lile, kwa utani tu, hakuwa na nia mbaya, "Yaani wewe Mashoto leo umekula mkate kwa mkono wa kulia kama watu, mama angekuona angelia kwa furaha," na spana ikasimama. Ikasimama yenyewe, kama punda aliyeona kitu ambacho mwenye punda hajakiona. Kula... kulia... angelia... kimepita kitu humo kichwani, upesi, kama panya chini ya kabati, ukigeuza shingo hakipo, umesikia mchakacho tu, na yeye akajiambia si kitu, ni joto, na hilo jina nalo, Mashoto, si amekwisha kumwambia dada mtu kwamba jina hilo liishie nyumbani, hapa gereji yeye ni Profesa, hapa watu wanatoka kule ambako barabara inakwishia wakiuliza Profesa yuko wapi, magari mengine yanapona yakisikia tu kikohozi chake getini, sasa mtu kama huyo unamwita Mashoto mbele ya majirani, wauza matairi wale pale wameshaanza kucheka, kesho watakuja kumsalimia kwa mkono wa kushoto...

Kaza, akajiambia, kaza umalize. Lakini jicho lilikuwa limeshapanda juu, na jicho likipanda haliulizi ruhusa, likaiona ile am mpya, maana kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kubadilisha am za mbele, ile mikono ya chuma ya chini inayoshika magurudumu yasilikimbie gari, mmoja huku mmoja kule, kama mama aliyeshika watoto wawili sokoni, na zile za zamani mipira yake ilikuwa imekwisha, yamebaki majina, lori likiona shimo, hata shimo la mtaa wa pili, linagonga ko, ko, ko, kama mgeni aliyekataliwa mlango, na kwenye am mpya kiwandani wameweka herufi, imenyanyuka juu ya chuma, nene, ina rangi ya njano, L. L. Imekaa inamwangalia. Sasa L ni ya kulia, hilo halina mjadala, ku-Lia, L hiyo hapo katikati inasikika hata kwa kiziwi, hiyo ni sheria yake mwenyewe, aliitunga zamani alipokuwa bado anajifunza kazi, siku bosi wake wa kwanza alipomtupia am mbili na kumwambia moja ya kulia moja ya kushoto, ukikosea usirudi, akaondoka, na pale palikuwa na L na R tu, basi, R haimo kwenye kulia, haimo hata kwenye kushoto, R haina kwao, lakini L inasema yenyewe, kulia, kulia, akaifunga L kwenye mkono wa kulia na ile yatima akaipeleka upande uliobaki, na bosi alirudi akaangalia akasema huyu kijana ana kichwa, na tangu siku hiyo mpaka leo hajawahi kukosea, hata mara moja, magari yote aliyofunga ukiyapanga mstari mmoja yanazunguka dunia na kurudi kukanyagana mikia, hakuna lililorudi, ndiyo maana ameandika pale mlangoni kwa rangi nyekundu PROFESA HAFUNGUI ALICHOFUNGA, N imeandikwa kinyume lakini ujumbe umefika... basi kaza... sasa mbona hukazi.

"Umelala?" dada mtu akauliza huko juu. "Nakagua," akasema yeye. "Kagua, mdogo wangu, kagua, usije ukaacha spana ndani kama wale waliomshona jirani na mkasi," na akacheka yule dada, ana kicheko cha kufungua nati bila spana, kisha simu yake ikalia, akaiweka sauti kubwa kama kawaida yake, yeye hana siri, hata ugonjwa wake mtaa mzima unajua kabla ya daktari, na ilikuwa sauti ya mama, nyembamba, inatoka juu kule mlimani kwa kaka mkubwa, "Mmeshatoka?" "Bado, mama, Mashoto yuko chini anamalizia, nikifika tu nakupakia." "Mwambie asilikaze sana likawa gumu, mimi kiuno changu sasa hivi ni cha kuazima." "Si kiuno, mama, ni nyonga." "Vyote vimepakana. Mimi na hilo gari wote tumefungwa bolti, tofauti yetu mimi sipigwi honi." Na yeye chini akatabasamu kidogo, mama ni mama, kisha tabasamu likakauka, kwa sababu hapo ndipo penyewe, hapo ndipo pa kuwekea kichwa sawasawa, mama amefungwa nyonga kwa misumari ya hospitali na daktari amesema ashuke nyumbani kwa dada leo ila asirushwe, gari limbebe kama yai, ndiyo maana dada akaja na am mpya akasema Mashoto nifungie, nimkute mama na gari laini, na ile barabara ya kutoka kwa kaka ni mteremko unaojipinda kama utumbo wa kuku, ukitoka kona unaingia kona, upande huu ukuta wa mlima, upande ule hakuna kitu, upande ule ni hewa... upande upi... upande wa kulia wakati wa kushuka... kulia ya nani...

Maana zipo mbili. Hilo hajawahi kumwambia mtu, si mke, si dada, hata mimi nililiona tu kwa sababu ya lile jua, kichwani mwa Profesa kuna kulia mbili, kulia ya watu na kulia yake, na hii ilianza zamani, kabla hajajua hata kuvaa kaptura, walipomwambia mkono wa kulia ni ule unaolia chakula, wa kulia, wa kulia wali, wa kulia uji, na yeye akaangalia akaona anakula kwa huu, huu hapa, akasema sawa, huu ni wa kulia, nani angemlaumu, ndivyo lilivyo neno lenyewe, mkono wa kula, akasimama mbele ya darasa mwalimu akasema nyoosha mkono wa kulia, akaunyoosha ule wake anaolia, darasa zima likaanguka chini kwa kicheko, wengine hawajainuka mpaka leo, mwalimu akampiga kwenye huo huo mkono, akamwambia huo ni kushoto, mjinga wewe, na yeye akasimama pale na machozi akiwaza mbona nakula nao, na nyumbani mama naye, mama yule yule wa nyonga, kila mlo anamfunga ule mkono kwa kitambaa, anaufunga kwa nyuma, anasema kula kama watu, na yeye anakula kwa ule mwingine, mgeni, tonge linafika puani, linafika sikioni, halafu mama akigeuka anafungua fundo kwa meno na kula haraka haraka kwa mkono wake, hapo ndipo chakula kinakuwa na chumvi... baadaye akazoea, akiwa na watu anageuza, mtu akisema kulia yeye anafanya hesabu, anapindua, inachukua muda mdogo kama kupepesa, hakuna anayejua, kwa watu anageuza, lakini kwa vyuma hageuzi, vyuma havimcheki mtu, kwa vyuma anasimama nyuma ya gari, anaangalia mbele kama dereva, anauuliza mwili wake, unakula kwa mkono upi, mwili unamjibu, anaipeleka L huko, basi. L ni ya kulia, na kulia ni mkono anaolia. Na haijawahi kukosea... haijawahi... na leo alisimama nyuma ya lori baada ya chai, akauuliza mwili, unakula kwa mkono upi, na mwili...

Subiri. Mwili ulijibu nini. Asubuhi ile am ya zamani, iliyokuwa imeganda na kutu mpaka imekuwa ndugu wa damu na fremu, iliachia bila hodi na kumdondokea juu ya mkono, mkono wake, ule wa kweli, ikavimba mara moja kama andazi, dada mtu akaufunga kwa kitambaa, fundo nyuma ya kiganja, fundo lile lile la mama, dada kalirithi fundo, akalowesha maji baridi mpaka mkono ukafa ganzi, na mkate ukaja, na yeye akala kwa huo mwingine, bila kufikiri, chai nayo, na alipokwenda kusimama nyuma ya lori vidole vya ule mwingine vilikuwa bado vina makombo ya mkate, akauuliza mwili na mwili ukaangalia makombo... lakini hapana, mwili si mjinga kiasi hicho, mwili una miaka na miaka ya kula, hauwezi kusahau kwa mkate mmoja... unaweza?... mkate mmoja mkavu... akajaribu kukumbuka alivyoibeba ile am, ilikuwa upande gani wa kifua, na hakumbuki, anakumbuka uzito tu, na anakumbuka kwamba iligoma, hilo analikumbuka, bolti ya nyuma ilikataa tundu, akaishawishi kwa nyundo, ikakataa, akaishawishi tena akimtukana aliyeitengeneza na ukoo wake, ikaingia, na ile ya pili nayo hivyo hivyo, akasema spea za siku hizi bwana, zinatengenezwa na watu wasiojua kama gari lina pande mbili... watu wasiojua kama gari lina pande mbili, alisema hivyo, kwa mdomo wake, na wauza matairi wakacheka... na ile boljointi pale kwenye ncha, ile gololi inayobeba gurudumu, mbona imekaa upogo kidogo, si kidogo, imekaa kama jino lililoota juu ya jingine, inaangalia nyuma, kama mtu aliyevaa shati mgongo ukawa mbele...

"Mama anauliza kama umekula," dada akasema. "Nimekula." "Amekula, mama, tena kwa mkono wa kulia, mkono wake ule umeumia, nimemfunga kama ulivyokuwa unamfunga." Akasikia mama anasema kitu, mtandao ukakatakata, akasikia "...upi?" tu, na dada "Nini? Mama? Mtandao huo," na yeye akafumba macho, akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani, nimelala chali, ukilala chali dunia inageuka, kilichokuwa juu kiko usoni, basi kulia ya watu iko wapi nikilala chali, iko pale pale, mkono hauhami mtu akilala, au unahama, kichwa changu kinaangalia mkia wa gari na miguu iko nje puani kwa gari, basi gari na mimi tunatazama... gari linatazama ukuta, mimi natazama injini, injini inatazama mimi... na akafumbua, jasho limeingia jichoni, na lile jasho lilikuwa jingi la kuoshea basi. Shika kitu kimoja, akajiambia, kitu ambacho hakina kulia wala kushoto. Usukani. Usukani hauna maneno mengi, uko upande wa dada, na ile fimbo ya usukani inashuka hapa, ona, inashuka hapa hapa, karibu na shavu, na am iliyo hapa karibu na shavu ni L. L iko chini ya usukani. Sawa. Na lile gari la mwisho, la yule mwokaji, la kusambazia mikate, L iliwekwa wapi, kumbuka... kumbuka... ule mlango wa abiria uliokuwa umebonyea, alipokuwa anaikaza L kichwa chake kilikuwa kinagonga ule mlango uliobonyea, aligonga mara nyingi mpaka mlango ukanyooka, L ilikuwa upande wa abiria. Na la mwalimu mkuu, L kwa abiria. Na lile la maji... kwa abiria, matone yalikuwa yanamdondokea kutoka kiti cha abiria. Kwa abiria, kwa abiria, magari yote yanayozunguka dunia, L kwa abiria, na hili moja tu, la dada, la mama, L iko kwa dereva.

Na bado sehemu nyingine ya kichwa inabisha, ile sehemu ya Profesa, ina sauti kubwa, inasema labda magari yale yote ndiyo yaliyokosewa na hili ndilo sahihi, labda leo ndiyo siku ya kwanza umekula kama watu na ndiyo siku ya kwanza umefunga kama watu, umewahi kufikiri hivyo, mwalimu si alisema huo ni kushoto, mjinga wewe, mama si alisema kula kama watu, watu wote duniani wanasema kulia ni huku na wewe peke yako unasema kule, sasa leo umefanya kama wao, umewatii, halafu unataka kufungua... na hii hoja ilikuwa nzuri, ilikuwa tamu, alikaribia kuinunua, mkono ukarudi kwenye spana kukaza, na spana ikasogea unywele, unywele mmoja, nati ikasema kii, na pale pale akamwona mama. Akamwona amekaa kiti cha abiria na mto wa nyumbani chini ya nyonga, mkoba kwenye paja, anamsifu dada kwamba leo gari halipigi kelele, na kona ya kwanza imekuja, dada anakata usukani na gurudumu linakawia, linafikiri kwanza, maana limeshikwa na mkono usio wake, mkono mgeni, tonge linafika puani, tonge linafika sikioni, kona ya pili, na ile gololi ya upogo inatoka kwenye kikombe chake, na upande ule ni hewa... na kisha watu wanakuja, wanasimama juu ya gari, na mmoja anasema nani alifunga hili, na mwingine anasema Profesa, huyo hafungui alichofunga.

Lakini kufungua nako, sasa. Ukifungua, dada atauliza. Dada akiuliza utasema nini, utasema nimekosea kulia na kushoto, mtu mzima, fundi, mwenye bango, nywele zimeanza kuota mvi, nimekosea kulia na kushoto, na dada atacheka, atasimulia kwa mama, atasimulia kwa kaka, kwa wake za kaka, harusini atasimulia, msibani atasimulia, siku ya kunizika atasema jamani mwekeni vizuri huyu asije akafufuka akatokea upande mwingine, na wauza matairi pale, Mungu wangu, wale wataandika bango lao. Na ukweli wenyewe hausemeki hata ukitaka, unaanzia wapi, L ni ya kulia na kulia ni mkono ninaolia na leo nimelia kwa mwingine, hata wewe mwenyewe ukiusikia unamwomba msemaji apumzike kidogo kivulini... angeweza kudanganya. Angesema spea mbovu, irudishwe, tuje kesho. Lakini kesho mama atakuwa amekaa kitandani kwa kaka na mkoba kwenye paja tangu alfajiri, ndivyo alivyo, ukimwambia nakuja anavaa viatu... angeweza kusema amechoka, mkono unauma... mkono. Mkono ulikuwa umeanza kuamka. Ile ganzi ya maji baridi ilikuwa inakwisha, na maumivu yakaja kwanza kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja, halafu ngumi, halafu bega zima, pwi, pwi, pwi, ndani ya kitambaa, mkono wote unalia. Unalia. Akauangalia umelala kifuani kwake umefungwa kama mtoto mchanga, unalia huo, na huo mwingine umeshika spana, mkavu, umenyamaza, hauna habari, hata haukuzoea spana, ulikuwa umeishika kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa jirani. Basi wa kulia ni upi jamani. Huu unaolia. Hata kwa kilio ni huu.

Na hapo mtandao ukarudi, na sauti ya mama ikatoka kwenye simu, karibu kabisa, kana kwamba naye amelala chini ya lori, "Nasema mkono upi ulioumia? Ule wake wa kushoto?" "Huo huo, mama." Na mama akasema, "Basi mwambie aache, asifanye kazi na ule mwingine. Huo ndio mkono wake wa kulia, mimi ndiye nilikuwa siujui." Dada mtu akasema eh, mama, leo umeamka na hekima, na mama akasema hekima gani, ni nyonga hii, ukilala chali muda mrefu unakumbuka mambo. Na Profesa naye alikuwa amelala chali, nati iko pale pale, boksi la friji liko pale pale, jua halijasogea hata kiganja, L ya njano inamwangalia kama mwanzo, ila sasa ilikuwa herufi tu, kijiti na mguu, haikuwa ya kulia wala ya kulilia, na kile kilichokuwa kikizunguka kichwani tangu mkate kikatua, si chote, kulia ya watu iko wapi bado hakujua, angeulizwa pale pale angeonyesha juu, lakini alijua am hii si ya hapa, na ile si ya pale, na akavuta pumzi ya kujaza tairi, akaihamisha spana, akaitia kwenye ule mkono uliofungwa, unaouma, unaolia, vidole vitatu tu vilivyotokeza kwenye kitambaa vikaishika kama vinaifahamu tangu tumboni, akaigeuza. Kii. "Hiyo sauti," dada akasema, akainama, uso wake ukatokea chini ya bampa, umepinduka, mdomo juu macho chini, "unakaza au unalegeza?" Na angeweza kusema nakaza. Dada asingejua. "Nalegeza," akasema Profesa. "Zote mbili. Mwambie mama avue viatu kwanza." Na ule uso uliopinduka ukamwangalia, ukaangalia ile L, ukamwangalia tena, na kicheko kikaanza kuja kutoka mbali, nilikiona kinavyopanda, na yeye akakisubiri tu pale chini, akiendelea kugeuza...

...na mimi nilikuwepo, narudia, mwenye kubisha alete mkono wake nimwonyeshe nilipokuwa nimesimama, ila pamoja na hayo, lile neno la mama, la kwamba huo ndio mkono wake wa kulia, lile nimelichomeka mimi, mama alipopatikana aliuliza tu kama dada amebeba mto, simu ikakata. Lakini spana ilirudi nyuma, hilo niliona, na Profesa alikuwa anatabasamu kule chini kama mtu aliyeambiwa jambo, sasa kama si hilo, aliambiwa nini.